DVD za harusi na shughuli za familia: tuzihamishieje kwenye kompyuta zingali zinasomeka?

#1 Mwana wa Chumbageni

Habari zenu, wanajukwaa. Nyumbani kwetu Tanga kuna kabati lenye DVD na VCD za shughuli za familia: harusi, mahafali, maulidi, na mapokezi ya wazee waliporejea kutoka Hija. Nyingi zilichomwa na studio za mitaani kati ya mwaka 2004 na 2011, na hakuna studio iliyobaki na mafaili ya awali. DVD ya harusi ya dada yangu inacheza vizuri tangu nikahi hadi watu wanapoketi kula, kisha picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika na deki inaganda. Hutokea mahali palepale kila mara, karibu na mwisho, ambapo marehemu babu yetu mzaa mama anawapa maharusi nasaha. Ndiyo video pekee yenye sauti yake.

Nina maswali mawili. Kwa nini diski ikwame karibu na mwisho ilhali mwanzo wake ni safi kabisa? Na nakala ya kuangalia nyumbani kwa flashi hutengenezwaje bila kupunguza ubora uliopo? Natanguliza shukrani.

#2 Nyamagana

Mkuu, usihangaike na programu nyingi. Weka DVD kwenye kompyuta, fungua folda ya VIDEO_TS, na utakuta mafaili ya VOB ambayo kila moja halizidi GB 1. Humo ndimo zilimo picha na sauti, katika mfumo wa MPEG-2. Nakili folda nzima kwenye diski ngumu kisha uifungue kwa programu ya kuchezea video ya VLC. Hakuna ubora unaopotea, kwa sababu hakuna kinachogeuzwa. Usiyaache mafaili ya IFO, kwa kuwa yanabeba menyu na mpangilio wa sehemu. Yale ya BUP ni akiba ya IFO endapo zitaharibika.

#3 Fundi wa Deki

Bandiko namba 2 linafaa kwa diski nzima. Kwa diski inayokwama, kompyuta itafika kwenye sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha data kwenye diski), itasota, kisha itakataa kunakili faili lote, na mleta mada atakosa hata sehemu nzuri ya faili hilo.

Kuhusu sababu, mimi ninayetengeneza deki naanza kuishuku deki kabla ya diski. DVD husomwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwisho wa filamu huwa upande wa nje. Leza iliyochoka, au lenzi iliyoshika vumbi na mafuta ya jikoni, husoma vizuri katikati ambako diski haiyumbi sana, kisha hushindwa ukingoni ambako kila kasoro ya ubapa wa diski huongezeka. Jaribu diski hiyohiyo kwenye kisomaji kingine kabla ya kuihukumu.

#4 Mpiga Video wa Ilala

Namheshimu fundi, lakini maelezo yake hayatoshi. Nilifanya kazi ya video za harusi katika miaka hiyohiyo anayoitaja mleta mada. Diski tupu zilizokuwa zikiuzwa kwa mafungu hazikuwa na ubora mmoja, hata zile zilizobeba jina moja kwenye kasha. Tabaka linalobeba data katika DVD-R ni rangi ya kemikali inayounguzwa na leza, na rangi hiyo ikiwa hafifu au ikipakwa bila usawa, huanza kufifia baada ya miaka michache.

Ongeza suala la kasi. Studio yenye oda ya nakala 30 kabla ya Jumamosi ilichoma kwa kasi ya juu kabisa. Mashine inayochoma kwa kasi ya 16x haianzi na kasi hiyo. Huanza taratibu katikati na kuifikia inapokaribia ukingo. Kwa hiyo sehemu ya nje, ndiyo ile yenye nasaha za babu, ndiyo iliyochomwa kwa haraka kuliko zote. Hapo ndipo ninapouona ugonjwa wa diski hii. Naomba pia kuuliza: je, ina stika ya karatasi yenye picha ya maharusi?

#5 Mwana wa Chumbageni

Ndiyo, ina stika ya duara yenye picha na majina yao, na upande mmoja imeanza kujikunja.

#6 Mpiga Video wa Ilala

Basi usiibandue. Stika ikivutwa inaweza kupinda diski au kuachanisha matabaka yake. Gundi hukauka bila usawa, karatasi hunywa unyevu na kuvuta upande mmoja, na diski inayozunguka kwa kasi huanza kuyumba. Stika hizo zilipendwa sana na wateja, nasi watu wa studio tuliziuza kama sehemu ya heshima ya shughuli.

#7 Wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Ninyi mnazungumzia leza na stika, ilhali mtu anaishi Tanga, umbali mfupi kutoka baharini. Hewa ya pwani yenye joto, unyevu na chumvi haiiachi salama hata misumari ya bati. Mimi nimeona diski zenye madoa kama ramani ndani kwa ndani, yasiyofutika kwa kitambaa. Huo ni ukungu, yaani kuvu, na kuna kuvu wanaokula diski. Kabati la mleta mada likiwa limeegemea ukuta unaotoa jasho, jibu liko hapo.

#8 Mtunza Nyaraka

Nimsahihishe kidogo ndugu wa Kisauni ili tusikuze jambo. Kisa cha kuvu kilichotangazwa mwaka 2001 kilihusu CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu, na watafiti wa Hispania walionyesha kuwa kuvu waliingia kutokea ukingoni na kuharibu plastiki pamoja na tabaka la alumini. Ni kisa cha kweli lakini ni cha nadra, wala hakitoshi kuwa maelezo ya kila diski yenye doa. Unyevu wenyewe, hata bila kuvu, unaweza kupenya ukingoni pale gundi ilipo dhaifu na kulishambulia tabaka linaloakisi leza.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaizingatii. CD, na kwa hiyo VCD, huwa na unene wa milimita 1.2, na tabaka lake la data liko juu kabisa, chini ya rangi ya lebo tu. Mkwaruzo wa upande wa lebo huiua CD moja kwa moja. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na data iko katikati, mithili ya nyama ndani ya sambusa. Mkwaruzo wa juu hauifikii kwa urahisi, lakini gundi ikiachia ukingoni, hakuna cha kusugua. Kwa hiyo mleta mada azipe VCD zake kipaumbele cha pekee, na azishike kwa kingo tu.

#9 Binti Ngamiani

Jirani yetu alinishauri kusugua diski kwa dawa ya meno, akaahidi itapona. Je, kuna ukweli?

#10 Fundi wa Deki

Upo kidogo, dada, na hatari ni kubwa. Dawa ya meno ina chembechembe zinazosugua plastiki, na mkwaruzo mwembamba ulio upande wa leza unaweza kulainishwa nazo. Lakini zilezile zinachora mikwaruzo mipya, hasa mtu akisugua kwa kuzungusha. Safisha kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kitambaa kisichotoa manyoya, na kila mara futa kutoka katikati kwenda ukingoni. Mwambie jirani dawa hiyo aibakize bafuni.

#11 Mtunza Nyaraka

Sasa nirudi kwenye swali la pili la mleta mada, kwa sababu ndilo lenye haraka. Diski inayokufa isichezwe tena na tena ili kuona kama imepona. Inatakiwa isomwe kwa utaratibu na kila sekta inayopatikana ihifadhiwe palepale.

Programu ninayoitumia ni GNU ddrescue, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Huhitaji kuiondoa Windows yako, kwani unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux. Haijali folda wala mafaili; husoma diski sekta kwa sekta, kila moja ikiwa na baiti 2048, na kuandika faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski. Ikikuta sehemu mbovu huiruka, huendelea kuchukua kilicho kizima, kisha hurudi kwenye mabaki. Pembeni huandika faili la ramani linaloonyesha kilichopatikana na kilichokosekana. Mzunguko wa kwanza ni huu (/dev/sr0 ndicho kisomaji cha diski):

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ukimalizika, fuata na huu, ambao hung'ang'ania sehemu zilizobaki:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Thamani ya ramani ni kwamba unaweza kuizima kompyuta, ukaipeleka diski kwenye kisomaji kingine, ukatoa amri ileile, na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Visomaji havina uwezo sawa. Sekta iliyokataa kwenye kompyuta mpakato mpya yenye kisomaji chembamba inaweza kukubali kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Asiyetaka Linux anaweza kutumia IsoBuster kwenye Windows, ingawa baadhi ya huduma zake ni za kulipia.

#12 Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Kwetu Oman video za harusi zilisafiri kuliko bwana harusi mwenyewe. Kila shangazi alipewa nakala. Je, mleta mada ameuliza kama kuna ndugu mwenye nakala ya harusi hiyohiyo? Nakala iliyokaa miaka yote ndani ya kabati lenye kiyoyozi inaweza kuwa nzima.

#13 Mtunza Nyaraka

Hoja nzuri sana. Tena, ikiwa nakala hizo zilichomwa kutoka faili moja la ISO, sekta zake zinalingana, na ddrescue inaweza kujaza mapengo ya nakala ya Tanga kwa kusoma nakala ya Muscat kwa ramani ileile. Zikiwa zilitengenezwa kila moja kivyake, sekta hazitalingana na kuzichanganya kutaharibu zote mbili. Linganisha kwanza ukubwa wa mafaili ya VOB na tarehe zake. Visipolingana hata kidogo, tengeneza ISO mbili tofauti.

#14 Mswahili wa Muscat

Nimeelewa. Tahadhari nyingine kwa wanaotumiana filamu za dukani: diski hizo hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia zinakoruhusiwa kuchezwa. Oman iko kanda ya 2 ya DVD, wakati Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5. Kisomaji cha kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu, na baada ya hapo hubaki na ile ya mwisho. Diski za harusi hazina tatizo hilo, kwa sababu hazikufungwa kwa kanda.

#15 Wakili wa Nakuru

Kwa kuwa filamu za dukani zimetajwa, tutenganishe mambo mawili. Video ya harusi uliyoagiza mwenyewe haina kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili. Filamu nyingi za dukani zina kufuli la CSS, na kulivunja ni suala tofauti na kunakili.

Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya shughuli binafsi, lakini sheria hiyohiyo inakataza kukwepa vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa kulinda kazi. Kwa maoni yangu, kizuizi hicho kinaifunika ile ruhusa, na mwenye DVD halali ya dukani anakuwa na haki asiyo na njia ya kuitumia. Kuhusu video za kuagiza, kifungu cha 31 kinahesabu kuwa hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza kazi, isipokuwa kuna makubaliano tofauti. Mwenye harusi wa Kenya hana haja ya kumwomba mpiga video ruhusa ya kutengeneza nakala.

#16 Mpiga Video wa Ilala

Hapo sikubaliani na wakili kwa upande wetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi binafsi ya mtu, na mimi naisoma kuwa inamtosha mtu anayehamishia filamu yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Wanaotuumiza ni wale wanaochoma na kuuza. Tangu mwaka 2013 filamu na muziki vinavyouzwa vimetakiwa kuwa na stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na hata hivyo nakala bandia zilijaa kwenye meza za barabarani. Msanii wa Bongo Movie hakuwahi kufilisiwa na mama anayenakili filamu yake ili watoto wasiikwaruze.

#17 Mkaazi wa Leicester

Huku Uingereza walijaribu njia ya ndugu wa Ilala. Oktoba 2014 sheria iliruhusu mtu kunakili kazi aliyoinunua kwa matumizi yake binafsi, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaibatilisha kanuni hiyo baada ya wadau wa muziki kulalamika kwamba haikuwa na fidia kwa wenye haki. Nchini Norwei, kijana Jon Lech Johansen, aliyeshtakiwa kwa sababu ya programu ya DeCSS ya mwaka 1999 iliyofungua kufuli la CSS, aliachiwa huru na mahakama mwaka 2003, na katika rufaa ya mwaka huohuo akashinda tena, kwa kuwa alikuwa akifungua diski alizonunua mwenyewe. Marekani nayo, kwa sheria yake ya hakimiliki za kidijitali, DMCA, ya mwaka 1998, inakataza kuvunja kufuli. Nchi zimeamua tofauti, kwa hiyo kila mmoja afuate sheria ya anakoishi.

#18 Binti Ngamiani

Mimi nina VCD. Nikifungua folda ya MPEGAV naliona faili la DAT, lakini nikilinakili kompyuta inasema kuna kosa, hata kwa diski ambayo deki inaicheza bila shida.

#19 Mtunza Nyaraka

Dada, hilo limewakatisha tamaa wengi. VCD huandika picha kwenye sekta za aina nyingine, zenye baiti 2324 za video badala ya 2048, kwa kuacha sehemu kubwa ya data ya kusahihisha makosa. Ndiyo maana CD ya dakika 74 inaingiza dakika 74 za video. Deki hulivumilia kosa dogo na kuonyesha doa la nusu sekunde, lakini kompyuta inayonakili faili hudai kila baiti na kukataa. Kwa hiyo usinakili faili la DAT. Tumia programu inayosoma VCD kwa asili yake, kama IsoBuster au vcdxrip, itoe faili la MPEG. Ubora wa picha usikushangaze: kwa PAL, mfumo wa picha za TV, ni nukta 352 kwa 288 tu, na hakuna programu itakayoongeza kisichokuwemo.

#20 Mwana wa Chumbageni

Nashukuru kwa michango. Nimefuata bandiko namba 11. Kisomaji cha kompyuta mpakato kiliacha pengo kubwa ukingoni. Nikaipeleka diski na ramani kwenye kompyuta ya mezani ya kaka yangu, na pengo likajazwa karibu lote. Nasaha za babu zinasikika, isipokuwa mahali pawili sauti inaruka. Shangazi aliyeko Muscat amesema atatafuta nakala yake. Sasa ISO ina zaidi ya GB 4 na flashi inaikataa ingawa ina nafasi. Nikiigeuza kuwa MP4, nitumie mpangilio gani?

#21 Fundi wa Deki

Mmeona? Diski ilikuwa nzima, kisomaji ndicho kilichokuwa dhaifu.

#22 Mpiga Video wa Ilala

La, mkuu. Diski nzima husomwa na kisomaji chochote. Hii imesomwa na kisomaji chenye uwezo mkubwa wa kusahihisha makosa, na bado mahali pawili pameshindikana. Udhaifu ni wa diski.

#23 Wa Kisauni

Nami nasema ni unyevu. Diski ya Muscat ikifika na ikasomeka yote, mtakubali.

#24 Nyamagana

Flashi inakataa kwa sababu imeumbizwa (imepangwa) kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufikia GB 4. Iumbize kwa exFAT, ila uhakikishe kwanza kwamba TV yako inaisoma, kwa sababu TV nyingi za zamani hazisomi. Vinginevyo geuza video kwa programu ya HandBrake: chagua H.264 (njia ya kubana video) ndani ya MP4, weka ubora wa kudumu kati ya RF 18 na 20 (RF ni kipimo cha ubora cha programu hiyo), na faili litapungua sana. H.265 inabana zaidi, lakini TV ya zamani inaweza kuonyesha giza tupu.

Zingatia mambo mawili. Kamera za wakati ule zilirekodi kwa mistari ya kupokezana, nusu picha 50 kwa sekunde, ndiyo maana mtu anayecheza ngoma huonekana na kingo kama meno ya kitana kwenye kompyuta. Washa kichujio cha kuondoa mistari hiyo, na ukichagua aina ya kutoa picha 50 kwa sekunde mwendo utabaki laini. Pili, usiivute picha ya 4:3 ijaze TV pana. Wazee wetu hawakuwa wanene kiasi hicho.

#25 Mtunza Nyaraka

Naongeza sharti moja: MP4 ni ya kuangalia, si ya kuhifadhi. ISO ibaki kama ilivyo. DVD ya kawaida ya tabaka moja ina GB 4.7, kwa hiyo diski 60 hazifikii GB 300, na diski ngumu ya GB 500 inazibeba zote. Weka nakala ya pili kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

#26 Mkaazi wa Leicester

Anayetaka kitu cha katikati atumie programu ya MakeMKV. Haibani chochote, huchukua MPEG-2 ileile na kuiweka ndani ya faili moja la MKV, na nusu ya kazi ya kuunganisha VOB inaisha hapo.

#27 Nyamagana

Naomba niulize langu. Tuna diski ndogo za sentimita 8 kutoka kamera iliyorekodi moja kwa moja kwenye DVD. Kompyuta inasema diski ni tupu, ilhali kwa macho naona duara jeusi la sehemu iliyochomwa.

#28 Mpiga Video wa Ilala

Hazikufungwa baada ya kurekodi. Kamera hizo zilidai mtu achague amri ya kuikamilisha diski, na bila hiyo hakuna orodha ya mafaili ambayo kifaa kingine kinaweza kuisoma. Kama kamera ileile ipo na inawaka, tafuta amri hiyo kwenye menyu yake, tumia umeme wa ukutani badala ya betri, na usiiguse hadi imalize. Kama kamera haipo, IsoBuster inaweza kuchimbua video bila orodha. Na tafadhali usiiingize diski ya sentimita 8 kwenye kompyuta inayomeza diski kwa mlango mwembamba bila trei, kwa sababu inaweza kukwama ndani. Tumia kisomaji chenye trei, chenye kishimo kidogo cha katikati.